Chombo cha sayansi ndani ya roketi ya utafiti: mwongozo kwa timu za wanafunzi wa Arusha na Moshi

Kila yanapotangazwa mashindano ya kubuni vyombo vya roketi, maswali yanayonifikia ni yaleyale. Mwalimu, lazima tujenge roketi? Tununue kihisi gani? Hatuna maabara, tutajaribia wapi? Mbegu zinaruhusiwa? Nimeyajibu kwa simu, nimeyajibu stendi ya Moshi huku basi likipiga honi. Safari hii nayaandika yote mahali pamoja, ili timu mpya ianzie pale wenzao walipofika.

Swali la kwanza nalimaliza hapahapa: hamjengi roketi, na msijaribu. Waandaaji wana roketi yao na uwanja wao wa kurushia. Ninyi mnatengeneza chombo kidogo cha kupimia kinachopanda ndani yake. Baruti ya kuchanganya nyumbani hukata vidole, na kuwa nayo bila kibali ni kosa kisheria. Mwanafunzi akianza kuniuliza habari za mafuta ya roketi, mazungumzo yetu huishia hapo.

Roketi ya utafiti ni nini? Mabaharia wa pwani hutupa bildi majini kupima kina. Hii ni bildi inayotupwa juu: inapanda, inapima, inarudi. Haizunguki dunia kama setelaiti, na safari yake yote kwa kawaida haifiki hata nusu saa. Thamani yake ni kwamba inapita mahali ambapo puto haliwezi kufika (puto huishia kama kilomita 40) na ambapo setelaiti haiwezi kukaa. Wala si habari ya ughaibuni tu. Roketi za aina hii zimewahi kurushwa kutoka majukwaa ya San Marco, baharini karibu na Malindi. Hapohapo ndipo ilipoondokea setelaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Uhuru.

Namba za mwongozo huu ni za mchemraba wa milimita 40 kila upande, usiozidi gramu 64. Ndicho kipimo cha Cubes in Space, programu ya wanafunzi wa miaka 11 hadi 18 ambayo vyombo vyake vimepandishwa na roketi za NASA kutoka Wallops, Virginia. Juni 2017 vijana wa India walirusha kutoka uwanja huohuo chombo chao KalamSat chenye gramu 64. Kama mashindano yenu ni ya aina ya CanSat ya Ulaya, mna nafasi zaidi: kopo la soda lenye kimo cha milimita 115, kipenyo cha milimita 66, na uzito wa gramu 300 hadi 350. Badilisheni namba, hatua ni zilezile.

Mnachohitaji kabla ya kuanza

- Timu ya watu watatu hadi watano, na mwalimu mlezi anayejua kwamba kazi hii ni ya miezi, si ya wikiendi mbili.
- Daftari moja gumu la timu. Kila jaribio liandikwe humo kwa tarehe na saa, hata lililoharibika.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, na rula ya chuma.
- Multimita ya kupimia volti, kifaa cha kulehemu na lehemu yake, koleo ndogo. Fundi simu jirani anaweza kuwaazima, na mara nyingi atawafundisha kulehemu vizuri kuliko mimi.
- Kompyuta moja. Ya zamani inatosha.
- Bodi ndogo ya Arduino (ndiyo ubongo wa chombo), vihisi viwili au vitatu, kadi ya kumbukumbu. Vinunuliwe viwiliviwili, sababu mtaiona hatua ya 7.
- Baiskeli nzima yenye gia.
- Fundi friji mwenye pampu ya kunyonya hewa. Simtaji kwa bahati mbaya.

Vipuri vingi havipatikani Arusha wala Moshi. Mtu wa Kariakoo anaweza kuvituma kwa basi vikafika kesho yake, lakini vya kuagizwa nje huchukua wiki. Agizeni mapema kuliko mnavyodhani inafaa.

Hatua kwa hatua

1. Someni masharti, kisha waulizeni waandaaji maswali haya

Someni masharti yote kwa sauti, mkiwa pamoja. Halafu waandikieni waandaaji barua pepe yenye maswali manne tu. Sehemu ya mzigo imezibwa, au hewa inatoka roketi ikipanda? Roketi inajizungusha, na je, mzunguko unasimamishwa kabla ya kufika kileleni? Betri gani zinaruhusiwa? Chombo kitakaa saa ngapi, au siku ngapi, kati ya kukabidhiwa na kurushwa?

Swali la mzunguko ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo lililoua miradi mingi niliyoisoma. Roketi nyingi za utafiti huzungushwa kama risasi ya bunduki ili zisiyumbe. Mwanafunzi anaandika kwamba atapima kitu katika hali ya kukosa uzito, kumbe chombo chake kimefungwa sentimita 10 kutoka kwenye mhimili wa roketi inayozunguka mara nne kwa sekunde. Pigeni hesabu: hapo kinasukumwa nje kwa zaidi ya mara sita ya uvutano wa dunia. Hakuna kukosa uzito hapo.

2. Tafuteni swali moja

Hapa ndipo timu nyingi hukosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Timu changa huanza na vihisi. "Mwalimu, tuna kihisi cha joto, cha unyevu, cha mwanga na cha gesi, tutapima vyote." Watapima vyote na hawatajua lolote. Anzeni na swali ambalo jibu lake hamlijui, linalohitaji roketi, na linaloweza kujibiwa kwa dakika chache. Masharti hayo matatu lazima yatimie kwa pamoja.

Tuchukue mbegu, maana kila msimu zinakuja: maharage, mahindi, na Moshi lazima kahawa. Swali huwa "je, mnururisho wa angani utaathiri uotaji?" Kwa safari ya robo saa, dozi ya mnururisho ni ndogo mno. Mbegu zitarudi, mtazipanda, zitaota. Zisipoota mtasema ni anga, kumbe ni joto la forodhani. Mbegu za kahawa nazo hupoteza uwezo wa kuota zikikaa miezi michache tu. Sikatazi mbegu kwa sababu ni za kitoto. Nakataza kwa sababu swali halijibiki kwa roketi hii.

Sasa tuangalie swali ambalo timu ya kidato cha tatu inaweza kulibeba: *rezista inayopitishwa umeme hupoaje roketi inapopanda?* Mezani, rezista ya moto hupozwa zaidi na hewa: hewa iliyoigusa inapata joto, inakuwa nyepesi, inapanda, na ya baridi inachukua nafasi yake. Ndani ya roketi mambo mawili yanaweza kuivunja kazi hiyo. Kama sehemu ya mzigo inaachia hewa, hewa yenyewe inatoweka. Kama imezibwa, hewa ipo, lakini roketi ikishazima injini na kuelea bila uzito, hewa ya moto haina sababu ya kupanda, kwa kuwa hakuna juu wala chini. Kwa njia zote mbili rezista itapata joto zaidi, ila kwa sababu tofauti. Mkiweka kihisi cha shinikizo pembeni mtajua ni sababu ipi. Mkiwa na jibu la waandaaji kuhusu mzunguko, mtajua pia kama sababu ya pili iliwezekana kabisa.

Vitu vitatu tu: rezista, kihisi cha joto, kihisi cha shinikizo. Hapo kuna fizikia ya kuwatosha majaji. Nitautumia mfano huu hadi mwisho.

Andikeni swali lenu kwa Kiswahili kwanza, sentensi moja, kisha mpelekeeni mtu asiyesoma sayansi. Akielewa, tafsirini kwa ajili ya andiko. Asipoelewa, bado ninyi wenyewe hamjalielewa.

3. Chagueni kihisi kwa kuangalia mwisho wa kipimo chake

Kila kihisi kina karatasi ya maelezo kutoka kwa mtengenezaji. Kabla ya bei, tazameni kinapoishia.

BMP280, kihisi cha shinikizo kinachopatikana kwa urahisi, hupima kutoka hektopaskali 1,100 hadi 300. Mia tatu ni kimo cha kilomita 9 hivi. Roketi ya kilomita 100 na zaidi inapita hapo ikiwa ndiyo kwanza imeanza safari. Kwa mfano wetu kinatosha, kwa kuwa tunataka kujua tu kama hewa inatoka. Mkitaka kufuata shinikizo juu zaidi, MS5611 inashuka hadi hektopaskali 10, kama kilomita 31. Baada ya hapo vyote viwili ni vipofu, na andiko lenu liseme hivyo waziwazi.

MPU6050 hupima mchapuko hadi mara 16 ya uvutano wa dunia. Roketi inaweza kuzidi hapo wakati injini inawaka. Kama mchapuko ndio swali lenu, tafuteni ADXL375 inayofika mara 200.

Vifaa vya GPS vya kawaida hufungwa na watengenezaji visifanye kazi juu ya kilomita 18 au kwa mwendo unaozidi mita 515 kwa sekunde. Kwenye roketi ya utafiti mtavuka mipaka yote miwili, kwa hiyo okoeni gramu hizo.

Mrija wa Geiger wa SBM-20, wa kupimia mnururisho, una urefu wa milimita 108: hauingii kwenye mchemraba wa 40, unaingia kwa shida kwenye kopo la CanSat. Tena unahitaji volti 400 hivi, na umeme mkubwa ndani ya hewa nyembamba huruka na kutoa cheche kwa urahisi kuliko kwenye hewa ya kawaida. Timu ya kwanza isianze na huo.

4. Bajeti ya milimita na gramu

Choreni ndani ya chombo kwa ukubwa wake halisi, kwenye karatasi ya miraba, kabla ya kununua chochote. Ninaposema hivyo nakumbuka mchana mmoja tulipokuwa na gamba zuri lililochapwa kwa printa ya 3D, programu imekamilika, kila kitu kinafanya kazi mezani. Binti mmoja akachukua Arduino Nano, akaiweka juu ya gamba, akaigeuza upande, akaigeuza tena, akanyamaza. Nano ina urefu wa milimita 45. Ndani ya gamba tulikuwa na 37. Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyependekeza bodi ile. Tulihamia Pro Mini, milimita 33 kwa 18, gramu mbili, tukapoteza majuma mawili kuisubiri.

Betri zina mtego uleule. AAA ina urefu wa milimita 44.5, haikai wima wala kulala. Ile ya volti 9 yenye umbo la kiberiti ina gramu 45 peke yake. CR123A, ya tochi na kamera, ina milimita 34.5, gramu 17 na volti 3. Ni ya lithiamu isiyochajiwa, kwa hiyo jibu la waandaaji kuhusu betri lazima liwe mkononi.

Kwa mfano wetu: gamba gramu 18, bodi 2, betri 17, vihisi 3, kadi na kishikio chake 4, waya, swichi, rezista na gundi 9. Jumla 53, akiba 11. Msiitumie akiba hiyo mapema. Gundi na lehemu huila bila kuaga.

5. Andikeni andiko

Swali, nadharia tete, kwa nini lazima roketi, mchoro, bajeti ya uzito, mpango wa majaribio, mtafanya nini na data. Kurasa chache. Nadharia tete iwe na namba inayoweza kukosewa: "joto la rezista litapanda kwa angalau nyuzi kadhaa juu ya lile la mezani ndani ya dakika tatu," na hizo nyuzi mzipate kwenye jaribio la ombwe la hatua ya 8. Msiandike kwamba mradi utaikomboa Afrika. Majaji wanasoma maandiko mengi, na linalowashika ni lile linaloonyesha kwamba timu tayari imegusa vifaa.

Mkihitaji jicho la mtaalamu, andikeni barua ya heshima kwa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, Chuo cha Ufundi Arusha, au VETA Moshi. Barua iwe na swali mahususi.

6. Ungeni na kuandika programu

Ungeni kwanza kwenye bodi ya majaribio isiyohitaji lehemu. Kikifanya kazi siku mbili bila kuguswa, ndipo mlehemu. Kiungo kizuri kinang'aa na kuteremka kama mteremko wa kilima. Kiungo kibaya kimevimba kama tone, rangi ya majivu. Kitazameni kwa kuikuza picha kwenye kamera ya simu.

Rezista ya omu 47 kwenye volti 3 itakula karibu wati 0.2, inatosha kupata joto bila kuungua. Chagueni rezista ya nusu wati. Kihisi cha joto kigusane nayo kwa tone dogo la gundi inayostahimili moto.

Programu isome mara 10 kwa sekunde, si mara moja. Roketi ya kufika kilomita 120, injini inapozima, hupita kwa zaidi ya kilomita moja kila sekunde. Hapo mkisoma mara moja kwa sekunde, vipimo vyenu vitaachana kwa kilomita nzima. Data si nyingi: baiti 24 kwa kila msomo, mara 10, kwa dakika 20, ni baiti 288,000. Kadi ndogo kuliko zote dukani inameza hizo mara maelfu.

Makosa mawili ya programu yanayopoteza safari nzima:

- *Kufunga faili mwishoni tu.* Umeme ukikatika kabla, kadi inarudi tupu. Hifadhini kwenye kadi kila sekunde.
- *Kuwasha rezista kwa mtikisiko wowote.* Lori likiruka tuta, betri imeanza kuliwa. Kama mmeongeza kihisi cha mchapuko, wekeni sharti: mchapuko uzidi mara 3 ya uvutano kwa angalau theluthi ya sekunde mfululizo.

7. Tengenezeni pacha

Chombo cha pili, sawasawa na cha kwanza: bodi ileile, rezista ileile, programu ileile. Huyu hapandi. Siku ya kurushwa, pacha anawashwa darasani Arusha kwa muda uleule. Bila yeye mtakuwa na mstari mmoja kwenye grafu na hakuna wa kuulinganisha nao. Timu hulalamika kuhusu gharama. Punguzeni vihisi, msipunguze pacha.

8. Majaribio

*Safari ya Kosta.* Washeni chombo Arusha, pandeni gari hadi Moshi. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, Moshi kwenye mia nane na kitu. Njiani mnapita karibu na uwanja wa KIA, mita 894. Shinikizo hupanda hektopaskali moja kwa kila mita tisa hivi mnazoshuka, kwa hiyo tofauti ya miji hii miwili izidi hektopaskali 50. Timu ya Moshi ipande Marangu hadi getini, zaidi ya mita 1,800. Mwenzenu aandike saa kila mnapopita mahali panapojulikana. Grafu ikifuata barabara, kihisi chenu ni kizima.

*Baiskeli.* Ipindueni, isimame kwa tandiko na usukani. Fungeni chombo kwenye spoku za gurudumu la nyuma, sentimita 30 kutoka kwenye ekseli, kwa waya na utepe, na upande wa pili fungeni jiwe la uzito uleule. Hesabuni meno ya gia: 44 mbele kwa 18 nyuma, gurudumu huzunguka karibu mara 2.4 kwa kila mzunguko wa kanyagio. Kanyagio 100 kwa dakika huleta mizunguko 4 kwa sekunde. Mchapuko ni 39.5 mara umbali kwa mita mara mizunguko kwa sekunde iliyozidishwa yenyewe: 39.5 × 0.3 × 16, karibu 190, yaani mara 19 ya uvutano wa dunia.

Onyo: hakuna anayesimama usawa wa gurudumu, mbele wala nyuma yake. Anayezungusha akae ubavuni, avae miwani ya fundi. Waya ukikatika chombo kinatoka kama kombeo.

Mkisoma data baadaye, wenye MPU6050 wataona jambo la kuwafundisha kuliko maneno yangu: mstari unapanda vizuri, ukifika 16 unanyooka kama umepigwa rula, kisha unashuka. Kihisi kimefika mwisho wake. Wengi hudhani mchapuko ulitulia pale.

*Pikipiki.* Mpeni bodaboda mnayemwamini chombo ndani ya boksi lililofungwa vizuri kwenye kiti cha nyuma, apande nacho barabara ya mawe, ya kwenda juu Meru au Kibosho, nusu saa. Si mashine ya mtikisiko ya maabara, lakini viungo vibaya vya lehemu na kadi zinazocheza kwenye kishikio vitajitangaza. Kadi ikishapona safari hii, ibaneni kwa tone la gundi.

*Ombwe.* Hapa ndipo fundi friji anaingia. Kabla ya kujaza gesi, fundi hunyonya hewa yote kwenye mabomba ya friji kwa pampu. Pampu hiyo inafaa. Mwombeni fundi wa kuchomelea awafungie upande mmoja wa bomba nene la chuma lenye kipenyo cha sentimita 10 na kuweka nipeli ya mpira wa pampu. Upande wa juu wekeni kifuniko cha akriliki nene, angalau milimita 10, juu ya mpira wa kuziba.

Onyo: msitumie chupa ya kioo wala ndoo ya plastiki. Hewa ya Arusha itaukandamiza mdomo huo wa sentimita 10 kwa nguvu ya kama kilo 70. Mkiongeza kipenyo kuwa 20, ni kilo 270 na zaidi. Kioo hupasukia ndani kisha vipande vinarukia nje.

Washeni rezista kwanza, subirini joto litulie, kisha fundi awashe pampu. Mstari wa joto uliokuwa umelala utaanza kuinuka wakati hakuna aliyeongeza umeme. Mara ya kwanza kuliona hilo, kwenye banda la fundi, watoto walidhani programu imeharibika. Fundi ndiye aliyesema, "Hewa si imeondoka? Nani atampuliza?" Hilo ndilo jaribio lenu la msingi, na namba zake ndizo za kuingia kwenye andiko. Baada ya hapo kagueni vipuri: betri iliyovimba au kapasita iliyotoa maji haipandi roketi.

*Baridi.* Usiku mmoja kwenye friji la kugandishia, ndani ya mfuko uliofungwa vizuri kuzuia unyevu. Pimeni volti za betri kabla na baada.

9. Kutuma

Pigeni picha kila upande wa chombo. Andikeni kwenye fomu ya forodha yaliyomo kwa ukweli, hasa betri, maana lithiamu ina masharti yake kwenye ndege. Ikiwezekana betri inunuliwe huko huko. Kama chombo kinarusha mawimbi ya redio, majaribio ya hapa nyumbani yanahitaji muiulize kwanza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuhusu masafa.

Mambo yakienda kombo

*Kihisi hakionekani kabisa.* BMP280 hutumia anwani 0x76 au 0x77. Jaribuni zote mbili. Kisha hakikisheni mmekipa volti 3.3, si 5.

*Tulinunua cha unyevu, lakini hakisomi unyevu.* Huenda mmeuziwa BMP280 badala ya BME280. Vinafanana sana kwa macho. Ulizeni namba ya utambulisho kwa programu: 0x58 ni BMP, 0x60 ni BME.

*Bodi inajizima na kujiwasha rezista ikianza.* Volti zinadondoka. Badilisheni betri, fupisheni waya, ongezeni kapasita ya keramiki karibu na bodi. Msiweke zile za umbo la kopo zenye maji ndani.

*Kadi haiandiki.* Ifomatini upya kwa FAT32. Ikikataa, jaribuni kadi nyingine kabla ya kugusa programu.

*Joto linasoma juu hata rezista ikiwa imezimwa.* Kihisi kiko karibu mno na bodi, kinapima joto la bodi. Kisogezeni, au pimeni tofauti ya vihisi viwili.

*Pacha wawili hawasomi sawa.* Ni kawaida. Waacheni pamoja mezani siku nzima, andikeni tofauti yao, iondoeni kwenye hesabu.

*Chombo kimetulia mezani, hakuna aliyekigusa, lakini shinikizo linashuka tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni.* Hili huulizwa na kila timu makini, na jibu linanifurahisha kila mara. Kihisi hakina kosa. Katika nchi za joto kama yetu, shinikizo la hewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku kwa hektopaskali chache, kwa sababu jua hupasha anga joto na anga nzima huyumba kwa mpigo. Kiacheni kiendelee kusoma. Kufika saa nne usiku mstari utakuwa umepanda tena.